Fundi kanivurugia umeme wa Canter kwa kunifungia pushi-stati, sasa ananijibu eti "gari imechoka"

Wakuu, salaam. Niko Tabora, Cheyo, nimekalia tairi bovu nje ya gereji ya watu nasubiri swichi iletwe na bodaboda. Mkononi nina rimoti ya pushi-stati (kile kitufe cha kuwashia gari bila ufunguo), nzuri kweli, nyeusi, inang'aa kama ya gari la waziri, na haina kazi tena duniani. Hasira niliyonayo sitaki kwenda nayo nyumbani ikamwangukie mtu asiyehusika, kwa hiyo naimwaga hapa.

Nina Mitsubishi Fuso Canter ya mwaka 1996. Dizeli, gia za mkono, pampu ya kizamani isiyojua kompyuta ni kitu gani. Masoko ya tumbaku yakifunguliwa inabeba mitumba ya tumbaku kutoka Urambo, yakifungwa inabeba mahindi, asali ya Sikonge, matofali, hata watu wa msiba. Nyuma imeandikwa HASIDI HANA SABABU. Kwa gari hii nimesomesha watoto wawili, kwa hiyo mtu akiidharau mbele yangu tunaweza kukosana.

Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu: swichi. Tumbo la swichi limelika hadi ufunguo unachomoka gari ikiwa inaunguruma. Ukiwa na ufunguo wa kufuli la duka unaiwasha, ukiwa na mpini wa kijiko unaiwasha vilevile. Utingo wangu kapoteza ufunguo mara mbili, na mara ya pili tulikuwa Kaliua na mzigo juu, tukaomba kijiko kwa mama ntilie. Yule mama akasimama pembeni muda wote kuhakikisha kijiko chake kinarudi.

Dawa yake ilikuwa shilingi elfu hamsini. Swichi mpya na funguo zake, nusu saa, kwisha. Mtu mwenye akili timamu angefanya hivyo. Mimi nikaenda Isevya kufuata pesa yangu, nikaona kijana anashuka kwenye Toyota Crown, hata hageuki nyuma, mlango unajifunga wenyewe, taa zinakonyeza mara mbili, yeye huyooo anaingia dukani mikono mifukoni. Nikajiona mshamba na bonge la funguo kiunoni. Hapo ndipo nilipokosea, nalikubali kabla hamjanirukia.

Nikaelekezwa kwa huyu fundi umeme. Sitamtaja, ila kama una gari mjini hapa na umewahi kutafuta mtu wa kufunga redio au king'ora, unaweza ukawa unamjua. Ana simu imejaa picha za kazi zake, magari madogo matupu, lakini picha zilinilewesha sikuliona hilo. Nikamuuliza kama hiyo pushi-stati inakubali kwenye Canter. Akacheka kidogo, akasema: "Bosi, hii inaingia gari yoyote."

Ikumbukeni hiyo sentensi.

Laki tatu na nusu, kifaa na ufundi. Tukafungua kasha: boksi jeusi la plastiki, kitufe chenye duara la taa ya bluu, rimoti mbili, antena mbili, mota za kuvuta loki za milango, kifurushi cha waya za rangi zote, na karatasi yenye michoro na maandishi ya Kichina. Pembeni ya boksi imeandikwa kwa herufi kubwa 12V. Nikamwonyesha kidole. Canter yangu ina betri mbili zimefungwa mfululizo, ni 24V, hilo hata utingo analijua. Akasema, "Hiyo tunaiweka sawa, bosi, wewe kanywe chai."

Nikaenda kunywa chai. Chapati mbili na maharage. Ile chai imenigharimu kuliko harusi yangu.

Alivyoiweka sawa nimekuja kujua jana asubuhi, fundi wa pili alipofungua dashibodi. Kumbe alichofanya ni kuvuta waya wa umeme kutoka katikati ya betri mbili. Yaani boksi linakula 12V kutoka kwenye betri moja, ile iliyoshika bodi, nyingine haiguswi. Kwa wasiojua ubaya wake, sikilizeni. Oltaneta, ile inayochaji betri, haioni betri moja moja, inaona jumla. Betri moja ikinyonywa usiku na mchana (maana boksi la namna hii halilali, linakaa macho likitafuta rimoti kama iko karibu), inashuka chini, na mwenzake inapandishwa kufidia. Fundi wa pili kaweka mita gari ikiwa inaunguruma: jumla 27.9, safi kabisa, ungeapa chaji ni nzima. Kaweka kwenye betri moja moja: huku 12.5, huku 15.4. Moja inakufa njaa, nyingine inachemshwa. Ndiyo maana wiki tatu zilizopita ndani ya kabini kulianza kunuka mayai viza na mimi nikamsingizia utingo wa watu. Nimemwomba radhi. Betri zote mbili kwaheri, na zilikuwa hazijatimiza mwaka.

Wanaofunga redio za gari ndogo kwenye malori wana mchezo huuhuu. Redio unaweza ukaponea kwa muda kwa sababu unaizima. Hiki kitu hakizimwi. Dawa ni konvata ya kushusha 24 kuwa 12, inayochukua umeme kwenye betri zote mbili, ipo madukani, haifiki hata bei ya nusu betri. Au ununue boksi la 24V toka mwanzo. Hakunipa hata nafasi ya kuchagua.

Lakini betri ni pesa, pesa inatafutwa. Kilichonifanya niandike uzi huu ni cha Jumamosi.

Tulikuwa Ng'ambo, hapa hapa Tabora mjini, karibu na soko, tumeshusha magunia, nimepaki chini ya ile miembe ya pembeni ya barabara. Handbreki ya gari hii inashika nusu nusu, kwa hiyo nimeiacha gia namba moja kama siku zote. Wenye malori wote mnanielewa. Injini imezimwa, rimoti mfukoni, nimechuchumaa naangalia tairi la nyuma. Paja likaibana rimoti. Nikasikia "tii tii", halafu nikasikia stata.

Kumbe rimoti ina kitufe cha kuwasha gari kutoka mbali. Mimi kufundishwa sikufundishwa, na hata kama ningefundishwa sikukihitaji, nani anapasha moto Canter kutoka chumbani?

Gari ikaruka. Ikaruka tena. Dizeli ni kitu kibaya, wakuu, mara ya tatu ikashika, na dizeli ikishashika kwenye gia namba moja haihitaji mguu wa mtu, inatambaa yenyewe kama trekta. Nikaukimbilia mlango. Umefungwa! Hiki kifaa kikiwasha gari kwa rimoti kinafunga milango kwanza, eti usalama. Kwenye Crown ya yule kijana ni usalama, ina gia otomatiki, inakaa P inanguruma mwizi asiingie. Mimi nakimbia pembeni ya gari yangu mwenyewe nikipiga kioo, utingo anapiga kelele watu watoke, na mtoto mmoja wa karanga alikuwa amekaa mbele ya bampa dakika moja tu kabla, kaitwa na mteja kaondoka. Dakika moja. Usiku wa Jumamosi sikulala, kila nikifumba macho namwona yule mtoto na sinia lake.

Iliyosimamisha gari ni mwembe. Ikaukumbatia, ikasukumana nao kidogo, ikazima. Bampa limeingia ndani, taa ya kushoto imekwenda, mwembe umechubuka gome basi. Wazee wanasema miembe ya mji huu ni ya tangu enzi za misafara ya biashara. Hata kama si ule, mimi nauhesabu.

Nikampigia fundi pale pale, jasho linanitoka. Jibu lake, neno kwa neno: "Bosi, sasa gari unapakije kwenye gia? Tengeneza handbreki. Tatizo gari yako imechoka."

Na ubaya ni kwamba kwenye handbreki ana nusu ya haki, ndiyo inauma zaidi. Handbreki ni mzigo wangu, nimeupokea, leo inafungwa mpya. Lakini sikilizeni alichokikuta fundi wa pili. Kwenye kile kifurushi kuna waya maalumu wa kwenda kwenye swichi ya handbreki, mchoro uko kwenye karatasi hata asiyejua Kichina anauona. Kazi yake ni kuliambia boksi: handbreki haijavutwa, usiwashe kwa rimoti. Huyu bwana kaukata mfupi, kaupigilia bodi kwa skrubu. Maana yake boksi linaamini handbreki imevutwa saa zote, gari ikiwa imepaki, gari ikiwa inakimbia, gari ikiwa inaukumbatia mwembe.

Kuna na waya wa mguu wa breki. Kawaida kitufe hakiwashi mpaka ukanyage breki, na kwa gari ya gia za mkono fundi makini anatafuta namna uwe umekanyaga klachi ndipo stata ipate ruhusa. Kwenye Canter yangu waya wa taa za breki una 24V, boksi ni la 12V, angeuunganisha angeliunguza. Badala ya kuweka rilei (kiswichi cha umeme) ya shilingi elfu tano katikati, kaufungia moja kwa moja kwenye umeme wa boksi. Yaani kitufe kinawasha stata bila kukanyaga chochote. Mtoto akipanda kabini kuchezea taa ya bluu, gari inaondoka naye.

Usukani nao usiseme. Ukiondoa ufunguo, kufuli ya usukani inajifunga, kwa hiyo ili gari iendeshwe bila ufunguo ile pini ikakatwa kwa grainda na kutupwa. Nilinunua kitu cha kuzuia wizi, nimebaki na gari ambayo mwizi akivunja kioo anakuta usukani uko huru na kitufe kinamwangalia.

Na milango ilishanifungia nje Sikonge, rimoti moja iko kwenye siti na nyingine iko nyumbani. Nimevunja kioo kidogo cha pembeni. Basi, hayo ni madogo.

Sasa nasikia kabisa mnachotaka kuniuliza: kwa nini hukudai risiti, kwa nini hukukaa ukaangalia kazi. Risiti sikupewa na sikudai. Kuangalia sikuangalia, nilikuwa kwenye chapati. Lakini mimi ni mtu wa mizigo, si mtu wa umeme. Nikikubebea tumbaku yako kutoka Urambo ikafika imelowa, nikakwambia "tumbaku yako imechoka", utanielewa? Nimemlipa ajue kile nisichokijua mimi. Angesema tu, "Mzee, hiki ni cha gari ndogo ya otomatiki, tafuta cha 24V au tubadili swichi," ningempa hela ya soda na heshima mpaka leo. Huyu ni fundi maiko, mbabaishaji mwenye simu nzuri.

Nimemwendea jana na mambo matatu: laki tatu na nusu yangu irudi, alipe betri moja (moja tu, nyingine naibeba mimi kwa ajili ya ujinga wangu), na alipe bampa na taa. Kaniambia kifaa kikishafungwa hakirudishwi. Akaniambia pia nisimharibie jina kwa vijana wake. Jina! Leo nakwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nimeshapiga picha ule waya ulioshikwa na skrubu, ule uliotoka katikati ya betri, na boksi lenye 12V lake. Fundi wa pili kakubali kuja kueleza, ingawa anasema hapendi ugomvi na wenzake.

Na ninyi wenye Canter, Fuso na Isuzu za 24V mliofunga hivi vitu vikakaa salama, naomba mseme mlifanyaje, si kwa ajili yangu, mimi nimeshatoka huko. Ni kwa sababu jana pale kwake nimekuta Isuzu ya jamaa wa Nzega imefunguliwa dashibodi, mwenyewe hayupo. Nilipouliza nikaambiwa kaenda kunywa chai. Nimezunguka vibanda vyote vya jirani kumtafuta, sikumpata. Kama unasoma hapa ndugu yangu wa Isuzu nyeupe yenye turubai la kijani, fungua betri zako uangalie katikati.

Halafu hii sikuwaambia. Saa nne hivi asubuhi fundi kanitumia ujumbe. Nilidhani anaomba tuyamalize. Ameandika: "Bosi nimepata nyingine mpya ya kisasa zaidi, ina alama za vidole, inaingia gari yoyote. Nikupunguzie?"

Bodaboda huyo na swichi. Nikishawasha kwa ufunguo nitarudi kuwajibu.