Mrejesho: miche yangu ya bangi iliyokuwa inalala

Wakuu, nimerudi. Mwezi wa nne niliuliza kwa nini miche yangu ya bangi, hapa Berlin, imerefuka kama uzi na majani yananyong'onyea ilhali namwagilia kila siku. (Kwa asiyejua: Ujerumani tangu 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa mimea 3 nyumbani kwake, mradi watoto wasiifikie.)

Mlionijibu mlisema kweli. Maji yalizidi, mwanga ulikuwa haba. Nilishusha taa, nikapandisha udongo kuzunguka shina, na sasa nainyanyua kwanza ndoo yenye mche: ikiwa nyepesi ndipo namwagilia. Siku ya nne likachomoza jani jipya, kijani kibichi, kingo zake kama meno ya msumeno. Nilifurahi mno, jamani.

Mbegu zilikuwa tatu. Moja haikuota kabisa. Mche wa pili ulistawi kuliko mwenzake, kisha juzi nikaona vifuko vidogo vya duara kwenye maungio ya matawi, bila vile vinywele vyeupe. Dume. Nimeung'oa usije ukachavusha jike, na imeniuma. Uliobaki ni jike, umeanza kuchanua.

Mkuu uliyenizuia kuweka mbolea mapema, asante sana.