Wakuu, hii Obscura ya Gorguts niimalizie au nifute?

Kipara wa Chuda
Wakuu habari za jioni. Mimi niko Tanga, nina kibanda cha kuchaji simu na kuwekea watu nyimbo kwenye flashi kwahiyo masikio yangu yameshazoea kila kitu, singeli, taarabu, kaswida, roki ya wazungu, sina ubaguzi. Sasa kuna jamaa kanisumbua wiki nzima nisikilize Obscura ya Gorguts, bendi ya Quebec kule Kanada, albamu ya 1998, anasema hii ndo ilifungua njia ya metali, yaani ile roki nzito ya magitaa na makelele, ya namna hii yenye noti zinazogombana. Nikashusha kwa bando la usiku, MB 140 hivi, asubuhi nikafungulia kwenye sabufa. Dakika ya pili haijaisha mama ntilie wa jirani huyo kaja na mwiko mkononi, "we mwanangu hiyo redio imeingiwa na nini, mbona kama mbuzi anachinjwa kwa kisu butu?" Nikazima. Wateja wenyewe walikuwa wameanza kuangaliana.
Swali langu ni moja, nitajuaje kama hawa watu wamekusudia au wamekosea tu wakaiita sanaa?

Mla Kisamvu
Futa mkuu. Muziki wa kusoma maelekezo kabla ya kusikiliza huo ni mtihani siyo muziki 😂

Fundi Sabufa
Kipara kosa la kwanza ni hiyo sabufa. Chukua noti mbili zilizokaribiana, moja inatetemeka mara 440 kwa sekunde nyingine 446, ukizipiga pamoja unasikia mtikisiko mara 6 kila sekunde, uuu-uuu-uuu, kama injini ya boti iliyokosa plagi moja. Hawa jamaa mtikisiko huo ndo wanaoutaka, halafu wanaupitisha kwenye gitaa lenye sauti iliyokwaruzwa kwahiyo unazidi mara kumi. Sabufa ya kichina inachofanya ni kumeza vyote hivyo inakurudishia matope. Vaa hedifoni hata za elfu tano.
Pili usianzie mwanzo, anza na Clouded, ni wimbo wa polepole, dakika 9 na ushee, humo unasikia kila gitaa limeenda wapi. Ukitoka hapo ndo urudi kwenye wimbo wenye jina la albamu, usikilize mara tatu mfululizo. Mara ya tatu jaribu kuusindikiza kwa mdomo. Ukiweza kubahatisha wapi gitaa litapinda basi ujue limepangwa, maana huwezi kubahatisha kosa la mtu. Na hizi nyimbo nyingi walizitunga mwanzoni mwa miaka ya 90, wamezifanyia mazoezi miaka kabla hazijatoka, kukosea gani huko kwa miaka yote hiyo?
Ikikushinda kabisa pitia mlango wa nyuma, Ulcerate wa New Zealand, Stare Into Death and Be Still ya 2020, wale wana ugomvi huohuo ila wanakuachia na melodi ya kushikilia.

Mzee wa Kaole
Vijana hamjambo. Mimi niko Bagamoyo, hiyo metali yenu siijui ila nimeisikiliza kidogo kwa simu ya mjukuu. Fundi kasema vizuri ila ameishia njiani. Hapa kwetu aliishi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo, mpiga ilimba, kile chombo cha vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Kwenye kasha la ilimba kuna kitundu kinafunikwa na utando wa buibui, ukipiga chuma chini ule utando unakoroma, zzzz. Mgeni anasema chombo kimeharibika. Wewe ung'oe huo utando uone, Mgogo atakuambia umekiua.
Kwahiyo ukorofi wa sauti peke yake si kosa. Lakini kukusudia nako si sifa! Mpishi anaweza kukusudia kuzidisha chumvi, utakila chakula chake kwa sababu alikusudia? Mimi ninachouliza ni kingine, ule ukorofi unanipeleka mahali au unanisimamisha palepale? Huo wa polepole umenipeleka, huo mwingine nimesimamishwa saa nzima juani. Na huyo anayeimba apewe maji.

Kipara wa Chuda
Shikamoo mzee wangu, na Fundi asante. Nimerudi na majibu. Jana usiku nimefunga kibanda nikavaa hedifoni nikaanza na Clouded, dakika tano za mwanzo nilikuwa naangalia saa kusema kweli, halafu kuna pahali magitaa yanavutana kama watu wawili wameshika kamba moja kila mtu upande wake, nikajikuta nimeacha kupepea mbu. Wimbo wa jina la albamu, mara ya kwanza kelele, ya pili kelele, mara ya tatu nikapatia kona mbili, hiyo ya tatu nikaikosa nikacheka peke yangu. Earthly Love nao una kitu kama fidla ndani, nilidhani simu ya mtu inaita.
Mzee yuko sahihi lakini, yote kwa mkupuo sijaweza, baada ya nyimbo sita masikio yamekufa ganzi. Nimebakiza tatu kwenye simu, zilizobaki nimehamishia kwenye flashi ya zamani.

Mla Kisamvu
Na mama ntilie?

Kipara wa Chuda
Nimemwambia redio imepona.