Tufanyeje ili kijiji kisikilizwe kabla mpango wa tabianchi haujaandikwa?

Mjumbe wa Kijiji (Tanga)
Ndugu zangu, salaam. Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kimoja cha pwani. Mwaka jana wataalamu walitujia na mpango wa kuhimili mabadiliko ya tabianchi ukiwa umeshakamilika, wakatusomea, wakazungusha karatasi ya mahudhurio, wakaondoka. Mpango haukuwa mbaya wote. Hata hivyo, eneo lililochaguliwa kupandwa mikoko ni mchanga mtupu unaopigwa na mawimbi ya kusi, upepo wa kusini, ambako hata wazee hawakumbuki kuona mkoko ukiota, ilhali visima vilivyoanza kutoa maji ya chumvi havikutajwa popote. Tumesikia mpango mwingine unaandaliwa. Tuingie kwa mlango gani?

Mtendaji Mstaafu
Mlango mnao, na ni wa kisheria. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote waliofikisha miaka 18, nao ndio wenye kauli ya mwisho kuhusu sera ya kijiji. Jambo la visima likijadiliwa barazani tu, litaishia barazani. Likiandikwa kwenye muhtasari, likapelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata na kutoka hapo wilayani, linakuwa na mguu wa kusimamia. Angalieni pia kalenda: mwaka wa fedha huanza Julai 1, kwa hiyo hoja inayoletwa Mei hukuta bajeti imeshafungwa. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Mama Mwani
Mwanangu, mkutano wenyewe mnauita saa ngapi? Kwetu huitwa saa nne asubuhi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, saa hiyo maji yamekupwa na sisi tuko shambani tunafunga mwani, kwa sababu maji yakirudi hakuna kazi tena. Kisha huandikwa kwamba wanawake hawakujitokeza. Ajabu ni kwamba sisi ndio tunaosimama katika maji hayo, na ndio tuliotangulia kuona mwani ukifa yanapopata joto, hata wengine wakalazimika kusogea kwenye kina kirefu wasikoweza kuogelea.

Mpangani
Naunga mkono, ila niongeze tahadhari. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, kilikuwa na mivinje na kasa wakitaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa, na mayai ya kasa huhamishiwa bara. Ukiuliza sababu, huyu atakwambia miti ilikatwa, yule atakwambia bahari imepanda. Kumbukumbu za wazee ni hazina, lakini mbele ya mhandisi zinahitaji kipimo. Pigeni vigingi ufukweni, mpime umbali wa ukingo kila mwisho wa msimu wa kusi na kila mwisho wa msimu wa kaskazi, upepo wa kaskazini, na daftari likae ofisi ya kijiji.

Mjumbe wa Kijiji (Tanga)
Nimewaelewa, na shikamoo Mama. Nitamwomba mwenyekiti auite mkutano siku ya bamvua, saa kumi alasiri. Wakati huo kina mama wameshatoka shambani, na wavuvi wa dagaa wamepumzika iwapo ni bamvua ya mbalamwezi. Tena maji yatakuwa yamejaa, hivyo wataalamu watayaona wenyewe yanapofika.