Usiku wa uchaguzi Marekani: chaneli yenye watazamaji wengi ndiyo ya kukesha nayo?

MkeshaMwema

Wakuu, salaam. Kila uchaguzi wa Marekani ukifika tunarudi kwenye swali lile lile: ukeshe na chaneli ipi? Mwaka 2024 nilikesha na CNN kwenye runinga, Fox News nikaiweka kwenye simu pembeni. Baadaye zikatoka takwimu za Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa runinga Marekani, za jioni ile ya tarehe 5 Novemba, nikashangaa. Fox News ilipata watazamaji milioni 10.3, MSNBC milioni 6, ABC 5.9, NBC 5.5, CNN 5.1, CBS 3.6. Yaani CNN ilipitwa na MSNBC, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika usiku wa uchaguzi wa rais.

Jumla ya chaneli zote 18 zilizopimwa ilikuwa milioni 42.3. Mwaka 2020 ilikuwa milioni 56.9, na 2016 milioni 71.4. Kushuka kwenyewe si kwa mchezo.

Lakini kilichonikaa kichwani ni hiki. Saa tatu na dakika 47 asubuhi kwa saa zetu za Afrika Mashariki, Fox walimtangaza Trump mshindi. Nikageuka kuitazama CNN: bado wanazunguka kwenye ramani. Shirika la habari la AP lilitangaza saa saba na dakika 34 mchana, baada ya kutangaza kwamba Trump ameshinda jimbo la Wisconsin. Karibu saa nne za tofauti, na wote walikuwa sahihi. Sasa nani alifanya kazi bora zaidi? Msimamo wangu ni kwamba namba za watazamaji hazijibu swali hilo hata kidogo, lakini nataka kusikia wenzangu.

BintiTakwimu

Mkuu, kabla hatujazitumia hizo namba tuzielewe kwanza. Milioni 10.3 ya Fox haina maana kwamba watu milioni 10.3 walipita pale. Ni wastani: ukichukua dakika yoyote ndani ya kipindi kilichopimwa, kwa wastani watu wangapi walikuwa wameifungua. Mtu aliyetazama nusu saa akahama anahesabiwa kidogo, aliyekaa muda wote anahesabiwa kikamilifu. Walioichungulia Fox usiku ule ni wengi kuliko hao.

La pili, na hili watu wengi hawalioni: kipindi kilichopimwa kiliishia saa tano usiku kwa saa za Mashariki ya Marekani. Kwetu ilikuwa saa moja asubuhi. Fox walimtangaza mshindi saa tatu na dakika 47 asubuhi yetu. Kwa hiyo namba tunayobishania ilikuwa imeshafungwa karibu saa tatu kabla ya tangazo lenyewe! Inapima nani alivuta watu wakati wa kusubiri, haipimi nani alikuwa na watu matokeo yalipotoka.

Na la tatu, jumla za miaka tofauti hazilingani moja kwa moja. Mwaka 2016 zilijumlishwa chaneli 13, 2020 zikawa 21, 2024 zikawa 18. Ukiangalia vizuri, 2020 waliongeza chaneli nane na bado jumla ikashuka kwa zaidi ya milioni 14. Hapo kushuka ni kwa kweli kabisa. Watu wamehamia YouTube na programu za kutazamia kwenye intaneti. Hata Amazon walikuwa na matangazo yao wenyewe mwaka 2024 wakimtumia mtangazaji mkongwe Brian Williams.

Ngalawa

Dada umeeleza vizuri sana. Mimi niongeze historia, maana bila mwaka 2000 huwezi kuelewa kwa nini CNN na wenzake walikaa kimya asubuhi ile.

Marekani haina tume moja ya taifa inayosimama usiku ule na kumtangaza rais. Kila jimbo linahesabu lake na uthibitisho rasmi unachukua wiki kadhaa. Pengo hilo limezibwa na vyombo vya habari. AP wanafanya kazi hiyo tangu 1848. Kwa hiyo ndani ya kila chaneli kubwa kuna chumba cha wataalamu wa takwimu, dawati la maamuzi, wanaosema "jimbo hili tumpe fulani" au "bado".

Mwaka 2000 chaneli zote zilitegemea chanzo kimoja cha takwimu, Voter News Service. Kabla ya saa mbili usiku, kwa saa za Mashariki ya Marekani, wakampa mgombea Al Gore jimbo la Florida, huku sehemu ya magharibi ya jimbo hilo hilo, ambayo iko nyuma saa moja, watu bado wako kwenye foleni wanapiga kura. Kama saa mbili baadaye wakaifuta. Saa nane na robo usiku kwa saa zao Fox wakampa mpinzani wake, George W. Bush, Florida na urais, na ndani ya dakika chache NBC, CBS, CNN na ABC wote wakawafuata. Gore akampigia Bush simu kukubali kushindwa. Karibu saa kumi alfajiri wakafuta tena! Mwishowe Bush alishinda Florida kwa kura 537.

Chaneli tano, kosa moja, mara mbili usiku mmoja, kwa sababu zote zilikunywa kisima kimoja na hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho. Hadi 2024 visima vilikuwa viwili: ABC, CBS, CNN na NBC walitumia takwimu za kampuni ya Edison Research, AP na Fox walikuwa wamejitoa na kuanzisha utafiti wao wa wapiga kura mwaka 2018. Ndiyo maana uliona Fox wakitangaza mapema na wengine wakabaki.

Mwanakwetu

Tukizungumzia Fox kuwahi, Arizona 2020 haikwepeki. Saa moja na dakika 20 asubuhi yetu, tarehe 4 Novemba, wakampa Biden Arizona peke yao. AP wakawafuata saa nne na dakika 51 asubuhi. CNN, NBC, ABC na CBS hawakuigusa hadi siku nane baadaye. Biden akashinda kwa kura 10,457.

Walipatia? Matokeo yalipatia. Lakini mimi nashikilia kwamba walitoa jimbo mapema kuliko takwimu zilivyoruhusu. Kura zilizobaki Arizona ziliendelea kumsogeza Trump siku baada ya siku hadi tofauti ikawa nyembamba vile. Ukisema "tuna uhakika" halafu ukaponea chupuchupu, huo si uhakika. Na usiku ule Fox ndiyo ilikuwa na watazamaji wengi kuliko chaneli yoyote, zaidi ya milioni 13. Kwa hiyo uamuzi wenye mashaka zaidi wa usiku ulitolewa mbele ya hadhira kubwa zaidi.

MkeshaMwema

Mwanakwetu, nakubali kiasi. Lakini wale wa dawati walisimama na uamuzi wao hewani mbele ya watazamaji wao wenyewe waliokasirika. Hiyo nayo ni heshima ya kazi.

Mwanakwetu

Wa dawati, ndiyo, nawapa haki yao. Ila tazama kilichofuata kwenye chaneli. Wiki zile watazamaji wengi walihamia chaneli pinzani ya Newsmax, na Fox wakarusha madai ya uongo kuhusu mashine za kupigia kura za kampuni ya Dominion. Aprili 2023 wakakubali kulipa dola milioni 787.5 kumaliza kesi ya kampuni hiyo. Hapo ndipo nasema namba za watazamaji zina uhusiano na ubora, ila ni uhusiano wa hatari: chaneli ikiogopa kupoteza watu, ukweli unaanza kuwa mzigo kwake. MkeshaMwema umesema namba hazituambii chochote. Zinatuambia chaneli inaogopa nini.

PwaniJuu

Niwatoe kidogo kwenye nani kawahi, twende kwenye nani anaeleza. Kwa mimi hicho ndicho kipimo.

Chukueni 2020, Pennsylvania. Sheria ya jimbo haikuruhusu kufungua kura za posta kabla ya siku ya uchaguzi, Florida wanaruhusiwa. Kwa hiyo Florida ikatoka mapema, Pennsylvania ikaonyesha Trump akiongoza kwa zaidi ya kura laki sita usiku ule, na Biden akaishia kushinda kwa 80,555. Mtazamaji anayeangalia namba tupu chini ya skrini angesema kuna wizi. Aliyeelezwa ni kura zipi zimehesabiwa na zipi bado, hakushangaa.

Hapo ndipo John King wa CNN alinifundisha. Anagusa jimbo, linafunguka kaunti, anagusa kaunti. Ijumaa ile alfajiri yao ramani ya CNN ilibaki kwenye Clayton, kaunti moja ya Georgia kusini mwa Atlanta. Kila kifurushi cha kura kikiingia unaona tofauti inapungua, na unaambiwa kabla: zimebaki kiasi hiki, Biden anachukua asilimia hii hapa, akiendelea hivi atapita. Akapita. Saa chache baadaye ikawa zamu ya Philadelphia. Ulikuwa unaona hesabu ikifanyika mbele yako, hatua kwa hatua.

Steve Kornacki, aliyekuwa MSNBC mwaka 2024, ana njia nyingine: mikono ya shati imekunjwa, anaongea haraka, anakulinganishia kaunti na uchaguzi uliopita. "Hapa Biden alipata hivi miaka minne iliyopita, Harris anapata hivi." Mwaka 2024 njia hiyo ndiyo iliyonifungua macho mapema zaidi, kwa sababu kaunti baada ya kaunti zilikuwa zinasogea upande mmoja. Kabla jimbo lolote la ushindani halijatangazwa, picha ilikuwa imeshajichora.

Kwa hiyo kwangu King ni bora usiku wa kura kugawanyika na kuchelewa, Kornacki ni bora usiku wa upepo mmoja. Mapambo mengine hayana faida. Mwaka 2008 CNN walimleta mwandishi wao studio kama taswira inayong'aa, na hakuna kura hata moja iliyoeleweka zaidi kwa ajili yake.

Ngalawa

PwaniJuu umenena. Na Jumamosi ya tarehe 7 Novemba CNN ndio waliotangulia kumtangaza Biden, saa moja na dakika 24 jioni yetu, wengine ndani ya dakika chache, Fox saa moja na dakika 40. Waliongoja siku nne wakawa wa kwanza kufika.

MtoWaNzoia

Naomba nilete la kwetu Kenya, maana linaeleza PwaniJuu alichosema kwa njia nyingine.

Agosti 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, waliweka Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, za vituo 46,229 wazi kwenye tovuti yao. Mtu yeyote angeweza kuzipakua. Runinga zetu kubwa zikaweka vijana mezani: unafungua fomu, unasoma namba zilizoandikwa kwa mkono, unaziingiza kwenye kompyuta, nyingine inafuata. Chanzo ni kimoja. Lakini usiku ule ukibonyeza rimoti, chaneli moja Ruto yuko mbele, nyingine Raila yuko mbele, kwa wakati ule ule. Nyumbani kwetu mzee alikuwa ameishikilia rimoti, akienda huku akirudi huku, akiniuliza ni nani kati yao anadanganya.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alianza na fomu za eneo tofauti. Ukiingiza za Bonde la Ufa, ngome ya Ruto, kwanza unapata picha moja, ukianza na Nyanza, ngome ya Raila, unapata nyingine. Lililokosekana ni mtu wa kusimama kwenye skrini na kusema hivyo: tumeingiza vituo kadhaa, vingi vinatoka kaunti hizi, msisome namba hii kama mwelekeo wa taifa. Baadaye hesabu zikapungua kasi, kisha zikasimama kabla hazijafika mwisho, na nchi ikabaki kusubiri tangazo la IEBC pale ukumbi wa Bomas hadi tarehe 15. Ruto 7,176,141, Raila 6,942,930.

Runinga zetu zilikuwa na fomu zote. Iliniuma wakati ule na inaniuma hadi leo, kwa sababu kazi ngumu ilikuwa imeshafanyika na wale vijana mezani. Kilichobaki ni maelezo ya dakika mbili.

BintiTakwimu

MtoWaNzoia, hapo umegusa penyewe. Hata wale Wamarekani wenye madawati, tofauti yao kubwa na meza zile za 2022 ni kwamba hawajumlishi tu. Wanajua kila kaunti ilipiga vipi zamani, kwa hiyo fomu ya kwanza kutoka ngome ya mtu haiwashtui. Kenya takwimu za 2013 na 2017 kwa kaunti zipo. Zingewekwa pembeni ya zile za 2022, mzee asingehitaji kuhamahama na rimoti.

MkeshaMwema

Nimebadilisha mawazo kwa mambo mawili. BintiTakwimu amenionyesha kwamba namba za Nielsen niliziweka mahali pasipo pake, na Mwanakwetu kwamba zina maana, ila si ile niliyodhani. Uchaguzi ujao wa Novemba nitapanga hivi: matokeo nitayafuata AP, maelezo nitampa Kornacki au King kutegemea kura zinavyoingia, na Fox nitaiweka pembeni kwa sababu mwaka 2024 ilikuwa na takwimu tofauti na wale wengine wanne. Chaneli mbili zenye kisima kimoja hazina faida ya kufunguliwa pamoja.

Chausiku

Nimewasoma wote, asanteni. Mimi ni mgeni kwenye kukesha huku. Niamke saa ngapi?

Ngalawa

Karibu dada. Vituo vya kwanza kufungwa ni vya mashariki mwa Indiana na Kentucky, saa nane usiku kwetu. Lakini usihangaike na hiyo. Amka saa tisa, Georgia inafunga, na Florida karibu yote. Florida wanahesabu haraka. Kufika saa kumi utakuwa na kaunti za kutosha kulinganisha na uchaguzi uliopita.