Steringi ni nani?

Kikundi: WAJUKUU WA BIBI TANDIKA
Jumapili

[14:06] Kulwa: Shikamooni wakubwa. Wote mmemaliza ile filamu ya Heat? Nauliza kabla sijaanza kumwaga mambo ya mwisho hapa.

[14:08] Baba Mdogo Idi: Marahaba mwanangu. Nimemaliza usiku wa manane. Dakika 170 hizo!

[14:09] Mama Kulwa: Marahaba. Mie nimemalizia leo asubuhi baada ya kufua.

[14:09] Doto: Tayari. Nimelia.

[14:11] Kulwa: Haya, swali langu moja tu na mnijibu kwa moyo. Steringi ni nani, Al Pacino au De Niro? Sisi tumezoea steringi hafi, adui ndo anakufa. Hapa kamera inakaa na jambazi mpaka unajua nyumbani kwake hakuna hata kochi. Unamtakia afike salama. Halafu anayekufa ni yeye.

[14:13] Baba Mdogo Idi: Steringi ni Pacino, huyo Hanna. Polisi hakula rushwa, hakulala, mpaka kampata mtu wake. Muvi ya wizi haibadilishi hilo.

[14:14] Doto: Kampata, ndiyo. Ndoa ya 3 imevunjika, binti wa mkewe amenusurika kufa, na mwisho kashika mkono wa mtu aliyemuua mwenyewe. Baba Mdogo, huo ushindi ungeutaka?

[14:15] Baba Mdogo Idi: Ushindi haulazimiki kuwa mtamu.

[14:17] Salum Mwanza: Nawasalimu wote. Mie De Niro. Ile kanuni yake imenikaa kichwani, kwamba usijifungamanishe na kitu ambacho huwezi kukiacha ndani ya sekunde 30 ukihisi polisi wako kona. Na anaiishi! Pale kwenye ghala la madini wako katikati ya kuvunja, polisi wamejificha ndani ya lori nje. Askari mmoja amechoka, anajiegemeza, bunduki inagonga bati. Kidude kidogo tu, ngo! De Niro anageuka, anaangalia lile lori gizani, haoni mtu. Lakini anaingia ndani kumwambia mwenzake tunaondoka. Wanaacha kila kitu. Nilisimamisha nikarudia hapo.

[14:18] Kulwa: Na Hanna anawaacha waende!! Anaangalia kwenye skrini anauma meno.

[14:20] Baba Mdogo Idi: Kwa sababu hawajaiba kitu. Angewakamata angewapata na kosa la kuvunja tu, miezi michache wako nje. Alitaka awakamate na mzigo mkononi. Ndiyo nasema huyo ni polisi mwenye akili.

[14:21] Salum Mwanza: Halafu De Niro naye akawatega. Akawapeleka bandarini wamfuatilie, wanasimama palepale aliposimama wanajiuliza alikuwa anapanga kuiba nini hapa, kumbe yuko juu anawapiga picha. Hanna anagundua, anacheka, anageuka huku na huku mikono imefunguliwa kama anawasalimia. Hapo nilijua hawa wawili ni mtu mmoja.

[14:24] Mama Kulwa: Mie nina neno. Mnaisifia, sawa, lakini filamu kama hii si inafundisha watu? Wanaonyesha jinsi ya kuzima kengele za benki, jinsi ya kuzuia gari. Mtoto akiangalia anajifunza nini?

[14:27] Baba Mdogo Idi: Shemeji, hoja yako ina uzito. Filamu ilitoka Desemba 1995. Februari 1997, Los Angeles hiyohiyo, watu 2 waliingia benki North Hollywood na bunduki za kivita, wamejifunika mavazi ya kuzuia risasi, wakapigana na polisi barabarani, mchana kweupe. Wote wawili walikufa. Watu walisema mengi kuhusu filamu hii siku hizo.

[14:29] Doto: Lakini ukweli ulianza kabla ya filamu, mama. Neil McCauley, huyo anayeigizwa na De Niro, alikuwa mtu kweli, jambazi wa Chicago. Polisi aliyekuwa anamfuatilia, Chuck Adamson, alikutana naye wakaenda kunywa kahawa kabisa. Mwaka 1964 Adamson huyohuyo akamuua kwenye tukio la wizi. Baadaye akamsimulia Michael Mann, mwongozaji wa filamu. Kwa hiyo ile meza ya kahawa haikutungwa hewani.

[14:30] Kulwa: Ile meza ya kahawa! De Niro na Pacino walikuwa filamu moja mwaka 1974 lakini hawakukutana hata sekunde moja kwenye skrini. Watu walisubiri miaka 21. Na wamekaa tu, wanaongea ndoto zao. Mmoja anaota maiti zimekaa mezani zinamwangalia, mwingine anaota anazama.

[14:31] Mama Kulwa: Hapo pazuri, nakubali. Walikuwa wapole.

[14:32] Salum Mwanza: Wapole huku wanaambiana nitakuua. Kila mmoja kamwambia mwenzake sitasita.

[14:36] Salum Mwanza: Ila jamani ile vita ya barabarani baada ya benki. Mliangalia na spika za kueleweka? Mlio wa zile bunduki hawakuuchukua kwenye maktaba ya sauti, walibakiza uliorekodiwa palepale mtaani, katikati ya majengo marefu. Ndiyo maana kila risasi unaisikia inagonga ukuta wa upande wa pili na kurudi. Hakuna muziki hata kidogo. Val Kilmer anabadilisha magazini huku anatembea, mikono haitafuti, inajua.

[14:37] Baba Mdogo Idi: Val Kilmer ametangulia Aprili 2025. Na yule mnene, Tom Sizemore, 2023.

[14:37] Doto: Jamani. Kilmer ndiye aliyeniliza.

[15:02] Anko Rajabu: Salaam alaikum. Nilikuwa kwenye kikao cha msikiti. Nimesoma yote.

[15:02] Kulwa: Waalaikum salaam Anko. Shikamoo. Tulikuwa tunakusubiri wewe.

[15:11] Anko Rajabu: Marahaba. Nyie mmeanzia katikati, mie narudi mwanzo, kwenye gari la fedha. Mnajua nimekaa nyuma ya magari yale kabla sijapata hii kazi ya sasa. Ndani hakuna hewa, dirisha halifunguki, unakaa na masanduku, jasho linakutoka mpaka kwenye soksi. Tulichofundishwa ni kimoja. Hela ina bima, wewe huna. Akikuelekezea bunduki, weka chini, nyamaza, usimwangalie usoni.

Sasa tazama wale walinzi 3. Lori la bredauni limewagonga ubavuni gari limepinduka. Mlango umelipuliwa kwa baruti. Wametolewa nje damu inatoka masikioni. Hawasikii! Yule Waingro, jambazi mmoja wao, anamfokea mmoja kwa nini ananiangalia, na mwenzake kabisa anamwambia huyu hakusikii, huoni damu masikioni. Mtu amesimama tu pale, hajui hata anaambiwa nini. Akampiga risasi. Wa pili akajaribu kuchomoa bastola yake ndogo, wakammaliza. Wa tatu hajafanya lolote. Sizemore akamtazama De Niro, De Niro akatikisa kichwa. Basi.

Kulwa, huyo unayemtakia afike salama ndiye aliyetikisa kichwa. Mie toka hapo sikuweza kumtakia.

[15:13] Kulwa: Anko…

[15:14] Baba Mdogo Idi: Asante shemeji. Na Hanna alipofika eneo la tukio alilisoma vilevile. Akishauawa mmoja, wote wana kesi ya mauaji, basi shahidi wa nini.

[15:16] Salum Mwanza: Lakini De Niro alitaka kumuua Waingro kwa ajili hiyo hiyo, Anko. Pale mgahawani anamgongesha kichwa mezani.

[15:19] Anko Rajabu: Alitaka kumuua kwa sababu kawaharibia kazi. Wale walinzi hakuna aliyewataja majina. Nilisubiri filamu nzima nione hata mke mmoja wa mlinzi. Hakuna. Nasema hili bila chuki, filamu ni nzuri sana, imetengenezwa na watu wanaojua. Lakini mtu wangu mie ni yule asiyesikia.

[15:20] Mama Kulwa: Kaka, umeniingia moyoni.

[15:22] Doto: Na uchungu zaidi, hela yenyewe. Hati fungani za dola milioni 1.6, zile zisizoandikwa jina, anayezishika ndiye mwenye mali. Mwenye nazo, Van Zant, ana bima. Wakamwambia bima itakulipa yote, halafu sisi tutakuuzia zako kwa senti 60 kila dola. Angefaidika mara mbili! Akajifanya kakubali, akatuma watu wawaue, kisa mtaani wasiseme anaibika. Kwa hiyo walinzi 3 wamekufa kwa kitu ambacho mwenye nacho hakukihitaji.

[15:23] Anko Rajabu: Mhasibu wetu. Hapo hapo.

[15:41] Shangazi Mwanaidi: Hamjambo wote. Nimetoka zamu sasa hivi, nimesoma kwenye daladala. Shemeji Rajabu nakupa mkono kwa hilo la walinzi. Mie ngoja niseme langu, ni refu, mnivumilie.

[15:42] Kulwa: Shikamoo Shangazi. Tupo.

[15:54] Shangazi Mwanaidi: Marahaba. Hamjamtaja Breedan. Yule kijana mweusi mpishi, ametoka jela kwa masharti. Kazi aliyotafutiwa ni ya mgahawani, na bosi wake anamkata robo ya mshahara kila akilipwa, anaitia mfukoni, anamfagilisha na kumwosha vyoo, anamwambia ukilalamika narudisha habari zako kwa afisa wako urudi ndani. Mtu kafanya kila alichoambiwa na serikali. Jioni mkewe anamfuata na gari anamwambia najivunia wewe. Anamuuliza unajivunia nini? Hana jibu la kumpa mkewe, na mkewe hataki jibu, anataka tu arudi kesho kazini.

Halafu siku ya benki dereva wao ana polisi nyuma, hawezi kuja. De Niro anaingia mgahawani kunywa chai, anamkuta Breedan kwenye kikaango. Walifungwa pamoja Folsom. Anamwambia nahitaji dereva, sasa hivi, ndiyo au hapana. Sikilizeni, kijana alifikiri kwa muda wa kugeuza yai. Akavua aproni, akamsukuma yule bosi akatoka. Muda si mrefu kafia kwenye usukani. Mkewe anajua kwa kuona picha yake kwenye TV.

Nawauguza watu kila siku, najua uso wa mtu anayepewa habari vile. Yule mwanamke hakulia kwa sauti. Aliacha tu mdomo wazi.

Kwa hiyo mie sioni kama filamu ni ya polisi na mwizi. Kila mtu pale kapewa nafasi ya kuondoka. Sizemore ana nyumba, mke, watoto, hela benki, na De Niro mwenyewe kamwambia wewe usiende. Akasema raha yake ni kazi yenyewe. Akafa kamshika mtoto wa watu kama ngao. De Niro kapewa ndege ya kwenda New Zealand. Breedan kapewa mke. Hakuna aliyeondoka.

[15:55] Doto: Isipokuwa Chris, Val Kilmer.

[15:58] Shangazi Mwanaidi: Isipokuwa Chris! Na hakujiondoa, kaondolewa. Mkewe Charlene polisi wamemkalisha kwenye nyumba, wamemwambia asipomtoa mumewe mtoto atachukuliwa na yeye atafungwa. Mume mcheza kamari, hela zote zinaishia mezani. Alikuwa na kila sababu ya kumtoa. Chris kafika chini, kakata nywele, shingo ina jeraha, anatabasamu kumwona. Na Charlene yuko juu kwenye roshani, polisi nyuma ya pazia. Mkono wake uko kwenye reli. Anausogeza kidogo tu, kiganja chini, kama mtu anayefuta vumbi. Tabasamu la Chris likaisha taratibu. Akarudi ndani ya gari.

[15:59] Doto: Hapo ndipo nililia Shangazi. Ule mkono.

[16:00] Salum Mwanza: Mie niliupita ule mkono. Naenda kurudia sasa hivi.

[16:03] Baba Mdogo Idi: Dada, basi steringi wako ni Charlene?

[16:05] Shangazi Mwanaidi: Kama lazima awepo, ni yeye. Amemwokoa mtu na hakupiga risasi hata moja. Na hatamwona tena, alijua hivyo wakati anausogeza ule mkono.

[16:09] Anko Rajabu: Shemeji, nakubali. Ila nina swali kwa Nate, yule mzee wa simu. De Niro yuko njiani uwanja wa ndege, binti mpenzi wake yuko pembeni, ndege imewashwa. Kwa nini Nate amwambie Waingro yuko hoteli gani? Angenyamaza mtu angepanda ndege.

[16:11] Kulwa: Alikuwa amemuomba amtafute, Anko. Nate ni mtu wa kutimiza.

[16:13] Salum Mwanza: Na De Niro mwanzoni alikubali kumwacha! Kakata simu, anatabasamu, wanaingia kwenye handaki taa nyeupe imewafunika wote wawili kama wameshafika. Halafu unaona uso unabadilika. Hasemi kitu. Anakata usukani.

[16:15] Anko Rajabu: Basi wa kulaumiwa ni yeye, Nate hayumo. Mtu wa sekunde 30 kashindwa kumwacha Waingro.

[16:18] Mama Kulwa: Na yule binti Eady je? Kaachwa kwenye gari nje ya hoteli, watu wanakimbia, zimamoto, yeye anasubiri. De Niro anatoka, wanatazamana, anamwona Hanna anakuja, anarudi nyuma hatua moja moja huku anamwangalia. Hajamwambia hata neno. Wifi Mwanaidi, huyo umemsahau.

[16:20] Shangazi Mwanaidi: Sijamsahau wifi. Nilishindwa kumsemea. Kaacha kazi yake ya kuchora, kaacha kila kitu, na polisi wakimhoji atawaambia nini? Hajui hata jina la mtu aliyeuawa mle ndani.

[16:22] Mama Kulwa: Mie ningeshuka mapema. Palepale alipokata kona kwenye ile barabara kubwa. Ningesema nishushe hapa, halafu wewe nenda huko unakokwenda.

[16:23] Doto: Hakumwambia anaenda kufanya nini, mama.

[16:24] Mama Kulwa: Ndiyo ningemuuliza.