Kipimo cha CYP2C19 wodini: "batili" zimezidi, na "kawaida" niiamini kiasi gani?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, tunatumia kifaa kidogo cha mezani kupima CYP2C19 (jeni ya kimeng'enya cha ini kinachoamsha baadhi ya dawa) kwa wagonjwa wa stenti (kijibomba cha kushikilia mshipa wa moyo wazi) kabla ya kuamua kuwaandikia klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda. Sampuli ni kijiti cha shavuni, jibu linatoka baada ya kama saa moja. "Batili" zimekuwa nyingi mno. Halafu nikipata "kawaida", niichukulieje?

Fundi_Maabara: Mkuu, "batili" si "hana alama ya jeni inayotafutwa". Maana yake kidhibiti cha ndani (kipimo cha kuhakikisha mashine imefanya kazi) nacho hakikutoa ishara, kwa hiyo mashine haina la kusema. Kabla ya kuilaumu, angalia mdomo wa mgonjwa. Mabaki ya chakula huzuia kimeng'enya kinachozidisha DNA. Asile, asinywe wala asivute sigara kwa nusu saa, kisha asukutue kwa maji matupu. Kijiti kikandamize na kukizungusha ndani ya shavu. Unatafuta seli za shavu, si mate. Ncha usiiguse. Katriji (kikasha cha kipimo kinachoingia kwenye mashine) ikitoka kwenye friji, mwongozo wa kifaa ukiruhusu, iache ifikie joto la chumba ikiwa bado kwenye pakiti yake. Ukiifungua ya baridi inatoka jasho, na vitendanishi vikavu vikishaloa mapema vimekwisha.

Jingine: katriji iliyokwisha kutumika usiifungue kamwe. Ndani kuna mamilioni ya nakala za DNA, zikisambaa mezani utaanza kupata *2 (mojawapo ya alama za jeni zinazotafutwa) kwa watu wasio nayo. Spiriti haiziharibu. Futa kwa klorini, kisha maji.

Mfamasia_wa_Wodi: Kuhusu "kawaida": kifaa hakisomi jeni nzima. Kinatafuta alama chache, mara nyingi *2 na *3 (zinazodhoofisha kimeng'enya) na *17 (inayokiongezea kasi), kisipoziona kinaandika *1/*1, yaani nakala zote mbili za jeni ni za kawaida. Kwa hiyo *1 ni "sikukuta nilichotumwa". Alama adimu zinapita hivi hivi.

Klopidogreli inamezwa ikiwa mbichi, ini ndilo linaloiivisha. Ukiwa na *2 au *3 moja, inaiva nusunusu. Ukiwa nazo mbili, haiivi vya kutosha na stenti inaweza kuziba. Hapo daktari hufikiria dawa mbadala, tikagrelori au prasugreli, ila prasugreli hapewi aliyewahi kupata kiharusi. Tena pitia dawa zake nyingine: omeprazoli (dawa ya asidi ya tumbo) hukizuia kimeng'enya hicho hicho kinachoivisha klopidogreli, hata kama jeni ni nzima. Pantoprazoli, ya kundi hilo hilo, ina usumbufu mdogo zaidi.

Zamu_ya_Usiku: Na aliyepandikizwa ini?

Mfamasia_wa_Wodi: Hapo kijiti kinakupoteza. Shavu ni lake, ini ni la aliyemtolea, na dawa inaivishwa na hilo ini. Aliyepandikizwa uboho ni kinyume chake: ini ni lake, lakini mate yake yana chembe nyeupe za damu za mtoaji, jibu linachanganyika.

Fundi_Maabara: Na kwenye faili usiandike "kawaida" tupu. Andika alama zilizotafutwa, aina ya sampuli na tarehe. Jeni hazibadiliki, hivyo akirudi mwakani hakuna haja ya kumpima upya, isipokuwa kama kifaa kipya kinatafuta alama zaidi.