Naomba ushauri: nimepewa Lacrisert kwa macho makavu, lakini naona ukungu

Wakuu, habari zenu. Nipo Minneapolis, Marekani, naendesha gari la mizigo. Baridi ikianza na hita kuwashwa, macho yananikauka na kuwasha kama yameingia mchanga. Matone ya machozi ya bandia yananipa nafuu ya muda mfupi tu, na yale yenye dawa ya kuhifadhi (ya kuzuia yasiharibike) ndiyo yalizidisha muwasho.

Daktari wa macho akaniandikia Lacrisert. Ni kijiti cha selulosi cha miligramu 5, urefu hata milimita 4 hakifiki, hakina dawa ya kuhifadhi. Unakipachika kwa kifaa chake ndani ya kope la chini, kinalainika kwa machozi na kuyeyuka taratibu. Mara moja kwa siku basi. Ukavu umepungua kweli, sibishi.

Shida ni ukungu. Kikishalainika, taa za magari yanayokuja naziona zimetanda, na kwa kazi yangu hilo si la kuchezea. Kwa sasa siku za safari sikiweki kabisa. Tena nikijisahau nikafikicha jicho, kinatoka. Juzi nimekikuta shavuni!

Nimejaribu kudondoshea maji ya chumvi ya macho, ukungu ukapungua kidogo tu. Miadi ya daktari bado iko mbali, nitampigia.

Kwa mliowahi kukitumia: mkikiweka usiku kabla ya kulala, asubuhi mnaona sawasawa? Na mnakiweka vipi kisichomoke?

Natanguliza shukrani.